Kutoka Vioo vya Manhattan hadi Mapanga ya Wyoming: Safari ya Kufuata Sheria ya Ndege Wahamao

Sheria ya Mkataba wa Ndege Wahamao ya Marekani ni ya mwaka 1918. Inakataza kumwinda, kumkamata, kumuua au kummiliki ndege aliyeorodheshwa bila kibali, "kwa njia yoyote ile". Leo orodha hiyo ina aina zaidi ya 1,000. Kwa takribani nusu karne serikali ilisoma maneno hayo kuwa yanamhusu mwindaji na pia mwenye shimo la mafuta ambalo ndege wamezama ndani yake. Tangu Desemba 2017 usomaji huo umefutwa, ukarudishwa, kisha ukafutwa tena Aprili 2025. Njia iliyoandikwa hapa inapita mahali ambapo tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Muda wake ni kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili, ndege wanapopanda kaskazini na makoloni ya pwani yanapoanza kutaga.

Jumatatu, New York

Kazi ya hapa ni ya alfajiri. Ndege wengi wadogo husafiri usiku, taa za jiji zikawavuta kushuka. Kunapokucha wanatafuta wadudu na maji, na hapo ndipo kioo cha ghorofa za chini kinapowaua, kwa kuwa kinaonyesha mti au anga kana kwamba njia iko wazi. Makadirio ya jiji hili ni ndege 90,000 hadi 230,000 kwa mwaka. Kwa Marekani nzima ni kati ya milioni 365 na milioni 988.

Jengo linalofaa kutazamwa kwanza ni Javits Center, ukumbi wa maonyesho upande wa magharibi wa Manhattan. Zamani lilikuwa kati ya yale yaliyoua sana. Ukarabati uliokamilika mwaka 2014 uliweka vioo vyenye nukta ndogo zilizochomewa, na vifo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Juu ya paa pakapandwa mimea, na sasa shakwe wanataga huko. Kanuni yake ni rahisi na inafaa hata kwa dirisha la nyumbani: alama ziwe upande wa nje wa kioo, na nafasi kati yake isizidi sentimita 5 kwenda juu wala kwenda pembeni. Ukitumia mistari, iwe na unene wa milimita 3 au zaidi. Alama zilizobandikwa kwa ndani hufunikwa na mwakisi wa nje, ndege asizione. Picha moja ya kipanga katikati ya dirisha haisaidii kitu, maana ndege huikwepa na kugonga kioo kando yake. Tangu 2021 sheria ya jiji inataka vioo vya namna hii kwenye majengo mapya, hadi mita 23 hivi kutoka chini.

Tuseme wazi kwamba sheria ya 1918 haikuwa chombo cha kuwafikisha wenye majengo kortini. Hata wakati wa usomaji mpana, serikali haikuwaandama wenye madirisha, wenye magari wala wenye paka. Iliwafuata wenye viwanda ambao hatari yao ilijulikana, dawa yake ilijulikana, na walikwisha kuonywa.

Kesi iliyofungua njia hiyo ilitoka magharibi mwa jimbo hili. Kule Middleport kampuni ya FMC ilikuwa ikitengeneza kabofurani, dawa ya wadudu ambayo wakulima wa Kenya na Tanzania wanaijua kwa jina la biashara, Furadan. Maji ya kuoshea mitambo yalimwagwa kwenye bwawa, ndege wakatua humo, na mizoga 92 ikaokotwa. Mwaka 1978 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya 2 ilithibitisha hatia. Aliyetengeneza sumu kali namna hiyo anajibika kwa inakofika, hata kama hakuwa na nia ya kumuua ndege yeyote. Waliowahi kuona ndege waliouawa kwa Furadan kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, Kenya, wataelewa sumu inayozungumzwa. Kampuni hiyo yenyewe iliamua kuinunua upya kutoka maduka ya Afrika Mashariki mwaka 2009, baada ya kelele za simba waliokufa kwa kulishwa nyama yenye dawa hiyo.

Mahakama ya Manhattan, karibu na Foley Square, ndiko Jaji Valerie Caproni alikobatilisha usomaji finyu tarehe 11 Agosti 2020. Kuna jambo moja la kuzingatia kabla ya kuondoka mjini: ukikuta ndege amekufa chini ya kioo, mwache. Usichukue hata unyoya. Kifungu cha kumiliki hakijaguswa na mabadiliko yoyote, na unyoya wa ndege aliyeorodheshwa mfukoni mwa mpita njia bado ni kosa.

Jumanne, Washington

Treni kutoka New York huchukua saa tatu na nusu hivi. Makao ya Wizara ya Mambo ya Ndani yako mtaa wa C, upande wa kaskazini magharibi. Kwa Marekani wizara hii si ya polisi wala uhamiaji. Inasimamia ardhi ya umma, mafuta yaliyo chini yake, na wanyamapori kupitia Idara ya Samaki na Wanyamapori.

Hapa ndipo pa kuelewa jinsi ulinzi unavyodhoofishwa bila sheria yenyewe kubadilishwa hata neno. Njia ziko tatu. Bunge linaweza kurekebisha sheria, na hilo ni gumu kuliko yote. Wizara inaweza kutunga kanuni, ambayo lazima itangazwe, wananchi watoe maoni, na athari zichambuliwe. Hiyo ni kazi ya miezi mingi. Ya tatu ni maoni ya mwanasheria wa wizara. Hayo huandikwa ofisini, yakatiwa saini, na siku hiyohiyo yanawafunga maafisa wote wa wizara, wakaguzi wa porini wakiwemo.

Januari 2017, siku chache kabla ya utawala wa Obama kuondoka, mwanasheria wa wizara Hilary Tompkins aliandika kwamba sheria inagusa pia vifo visivyokusudiwa. Mwezi uliofuata maoni hayo yakasimamishwa. Tarehe 22 Desemba 2017 Daniel Jorjani akaandika kinyume chake: kinachokatazwa ni kitendo ambacho lengo lake ni kumpata ndege. Ukibomoa ghala lenye viota kwa sababu unataka kubomoa ghala, huna kosa. Jaji Caproni alipoyabatilisha mwaka 2020, wizara ikageuza maoni hayo kuwa kanuni kamili tarehe 7 Januari 2021. Utawala wa Biden ukaifuta Oktoba mwaka huohuo, na ufutaji ukaanza kazi tarehe 3 Desemba. Aprili 2025 kaimu mwanasheria wa wizara akarudisha maoni ya 2017.

Utawala wa Biden ulikuwa na nafasi ya kujenga kitu cha kudumu zaidi: mfumo wa vibali, ambapo kampuni inayotundika nyavu, kufunika matangi na kupanga nguzo zake ipasavyo inapewa hati ya kuilinda. Ulitangazwa mwaka 2021, lakini hadi utawala huo unaondoka haukuwa umetungwa. Huo ulikuwa udhaifu mkubwa. Bila kibali, kampuni iliyofanya kila kitu na ile isiyofanya lolote zilisimama mahali pamoja mbele ya sheria, na hoja hiyo ndiyo iliyowapa nguvu waliotaka usomaji finyu. Miswada ya Baraza la Wawakilishi ya 2020 na 2021, iliyotaka kuandika ulinzi huo ndani ya sheria yenyewe, nayo haikupita.

Nyuma ya sheria kuna mikataba minne: Uingereza kwa niaba ya Kanada 1916, Mexico 1936, Japani 1972 na Umoja wa Kisovieti 1976. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mkataba unaipa serikali ya shirikisho mamlaka hata juu ya ndege anayepita ndani ya jimbo moja. Ndiyo maana Kanada ililalamika ulipokuja usomaji wa 2017, kwani ndege wanaozama Texas ni walewale waliototolewa Saskatchewan.

Afrika Mashariki nayo imo. Oenanthe oenanthe ni ndege mdogo wa gramu 25 hivi, mwenye kiuno cheupe, anayetaga Alaska. Vifaa vidogo vya kurekodi mwanga, vilivyofungwa mgongoni mwake, vilionyesha kwamba anavuka Asia yote na kuja kukaa Sudan, Uganda na Kenya, safari ya takribani kilomita 14,500 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Akiwa kiotani Alaska yumo kwenye orodha ya sheria hii.

Jumatano, Hampton Roads, Virginia

Ni mwendo wa saa tatu au nne kwa gari, msongamano ukiruhusu. Pa kusimama ni Fort Monroe, kwenye rasi ya Point Comfort, ufuo uleule walikoteremshwa Waafrika wa Angola mwaka 1619. Ukiwa na darubini ya kawaida ya 8x42 utaona mbele yako, umbali wa kilomita moja na nusu hivi, ngome ya Fort Wool, na kando yake kisiwa cha kusini cha daraja na handaki la Hampton Roads.

Kisiwa hicho ni cha kutengenezwa; daraja lilifunguliwa mwaka 1957. Visiwa vya asili vya ghuba vilipomomonyoka, au kuingiliwa na watu na wanyama walao mayai, ndege wa bahari wakahamia hapo. Likawa koloni kubwa kuliko yote Virginia, ndege kama 25,000 kila msimu: buabua wa aina kadhaa, shakwe, na wale wenye mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu wanaochota samaki huku wakiruka. Wote wanataga chini, juu ya changarawe tupu. Buabua mkubwa hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo msimu ukipotea umepotea.

Kisha ukaja mradi wa kupanua daraja, wa karibu dola bilioni 4, uliohitaji kisiwa hicho chote. Jimbo lilikuwa na mpango wa kuwatafutia ndege mahali pengine. Lakini baada ya maoni ya 2017, jibu kutoka ofisi za shirikisho lilikuwa kwamba hatua hizo sasa ni za hiari. Mpango ukasimama, na kabla ya msimu wa 2020 eneo la kutagia likawekwa lami.

Hili ndilo jambo ambalo safari nzima inalionyesha, na Hampton Roads linaonekana kuliko kwingine. Makali ya sheria hii hayakuwa kwenye faini. Faini ya kosa la kawaida ni dola 15,000 kwa juu kabisa, pamoja na kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa mradi wa mabilioni hiyo si kitu. Makali yalikuwa kwenye swali ambalo mhandisi alilazimika kuuliza kabla ya kuchora ramani: ndege watakwenda wapi? Swali likishakuwa la hiari, halimo tena kwenye bajeti, halimo kwenye ratiba, na hakuna mtu anayelipwa kulijibu.

Februari 2020 gavana Ralph Northam aliingilia kwa mamlaka ya jimbo. Kazi ya miaka ikafanywa kwa wiki chache. Uwanja wa Fort Wool ulisafishwa magugu, panya wakaondolewa, changarawe na mchanga vikamwagwa. Matishari yakakodiwa, yakafunikwa mchanga na kutiwa nanga karibu. Kwenye kisiwa cha zamani mbwa waliofunzwa walizungushwa ili ndege wanaorudi wasitue. Ndege wakahama, wakataga.

Anayefikiria kuiga anapaswa kujua mahali ambapo mambo huharibika. Buabua anataka uwazi: akiona magugu au ukuta unaomzuia kumwona adui, hatui. Mchanga ukiwa laini mno upepo huyafukia mayai, kwa hiyo unachanganywa na changarawe na maganda ya chaza. Tishari lisipokuwa na ukingo, makinda huanguka majini kabla ya kujua kuruka. Panya mmoja mwenye mimba aliyebaki anatosha kuharibu msimu. Shakwe hufika mapema kuliko buabua na kuchukua mahali, kisha hula mayai ya waliochelewa. Matishari huwekwa kwa kuangalia kalenda hiyo. Na juu ya yote, tishari ni la kukodi. Kila masika lazima mtu alipe, alijaze, alivute. Kisiwa hakikuhitaji kulipiwa.

Alhamisi

Siku ya kuruka kutoka Norfolk kwenda New Orleans. Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, Grand Isle, Louisiana

Barabara ya LA-1 inashuka kusini kupitia matope na majani ya chumvi, inapanda daraja la kulipia pale Leeville, na kuishia Grand Isle baada ya saa mbili hadi tatu. Wakati huu wa mwaka ndege wadogo wanavuka Ghuba ya Mexico kwa mkupuo mmoja kutoka Yucatán, karibu kilomita 1,000 bila pa kutua. Upepo ukigeuka kutoka kaskazini na mvua ikanyesha mchana, wanaanguka kwenye mialoni ya kisiwa hiki wakiwa wamechoka hata kushindwa kumkimbia mtu. Siku ya jua na upepo wa kusini hutaona kitu. Wanapita juu na kutua bara.

Mkabala, ndani ya ghuba ya Barataria, ni kisiwa cha Queen Bess. Mwari wa kahawia ni ndege wa nembo ya Louisiana, na alitoweka kabisa jimboni kufikia 1963 kwa sababu ya sumu za mashamba. Waliletwa makinda kutoka Florida kuanzia 1968, na viota vya kwanza vikaonekana Queen Bess mwaka 1971. Kisha tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ukalipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakafika hapa. Kisiwa kilijengwa upya na kukamilika mwaka 2020 kwa fedha za fidia, kikawa na takribani hekta 15. Kwa mashua ya kukodi unaweza kukizunguka, lakini usivuke alama zilizowekwa majini wakati wa kutaga. Mwari akiruka kwa woga saa sita mchana, jua linapika mayai ndani ya dakika chache.

Kati ya makosa 14 ambayo BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa na kisima hicho, ilikiri, moja lilikuwa la sheria ya 1918, na kwa kosa hilo ililipa dola milioni 100, zilizokwenda kwenye mfuko wa kuhifadhi ardhi oevu wa Amerika Kaskazini. Chini ya usomaji wa leo shitaka hilo lisingeandikwa, kwa kuwa hakuna aliyetoboa kisima kwa lengo la kuua mwari. Sheria nyingine za maji na mafuta zingebaki, ndiyo. Lakini fedha hizo za ardhi oevu zilitoka kwenye shitaka la ndege.

Wawindaji wa Louisiana, ambao ni wengi na wanajua maji yao vizuri, bado wanabanwa na sheria ileile neno kwa neno. Mwenye miaka 16 na zaidi lazima awe na stempu ya bata ya dola 25. Bunduki izibwe isibebe zaidi ya risasi tatu. Risasi za madini ya risasi zimepigwa marufuku kwa bata tangu 1991. Bata sita kwa siku, na wa saba ni kesi. Hatuoni haki katika mpangilio ambao bata wa saba wa mwindaji ana bei, na bata mia wa shimo la mafuta hawana.

Jumamosi, kutoka Midland hadi Hobbs

Bonde la Permian linazalisha mafuta kuliko eneo lolote la Marekani. Kutoka Midland pita Andrews, kisha shika barabara ya 176 kuelekea Eunice. Pande zote mbili ni pampu zinazoinama na kuinuka, matangi, na mienge ya gesi. Nchi ni kavu, kwa hiyo chochote kinachong'aa kama maji kinamvuta ndege, hasa usiku na wakati wa vumbi.

Jinsi shimo linavyoua: maji yanayotoka kisimani pamoja na mafuta hutenganishwa, na mabaki huachwa kwenye bwawa au tangi lisilo na kifuniko, yakiwa na utando wa mafuta juu. Bata huona maji, hutua, manyoya yake hulowa na kushikamana, hewa inayomtia joto na kumwelesha inatoka, anazama au anakufa kwa baridi. Akifanikiwa kutoka na kurudi kiotani, mafuta kidogo tu ya tumboni mwake yanatosha kuua kinda ndani ya yai. Wadudu walionaswa huvuta ndege wadogo, na ndege wadogo huvuta bundi na mwewe. Mizoga huzama ndani ya siku chache, ndiyo sababu mwenye shimo anaweza kusema kwa dhati kwamba hajawahi kuona ndege aliyekufa. Makadirio ya zamani ya Idara ya Samaki na Wanyamapori yalikuwa ndege 500,000 hadi milioni moja kwa mwaka.

Dawa bora ni kuondoa shimo kabisa na kutumia tangi lililofungwa. Linalofuata ni wavu, na hapa wengi hukosea. Jicho la wavu lisizidi sentimita 3.8. Wavu ukae juu ya fremu ya chuma, mita moja na zaidi kutoka kwenye mafuta. Ukifungwa kwenye vigingi pembeni tu, theluji au upepo utaulaza, na ndege watazama huku wamesimama juu ya wavu. Pande nazo zifungwe hadi chini, la sivyo ndege huingia kwa miguu. Plastiki huchakaa kwa jua, kwa hiyo ikaguliwe kila baada ya dhoruba. Vitambaa vya rangi, vioo vya kumeremeta na mizinga ya gesi ya kutisha ndege havifai. Baada ya siku chache wanazoea. Tazama pia mabomba ya moshi ya mitambo ya kupasha mafuta moto: ndege anayetaga kwenye mashimo ya miti huingia juu na hawezi kupanda tena. Kofia ya waya juu ya bomba inamaliza tatizo.

Sasa vuka mpaka wa Texas na New Mexico, kabla tu ya Eunice. Udongo hauna tofauti, wala tangi, wala bata. Texas iko chini ya Mahakama ya Rufani ya Kanda ya 5, ambayo mwaka 2015 iliifutia kampuni ya mafuta ya Citgo hatia ya ndege waliozama kwenye matangi mawili ya wazi kule Corpus Christi. Majaji walisema "kuchukua" ndege ni kitendo cha makusudi. New Mexico iko chini ya Kanda ya 10, ambayo mwaka 2010, katika kesi ya mitambo ya kupasha mafuta ya Kansas, ilisema nia si sharti, mradi mwenye mtambo alijua au alipaswa kujua kwamba unaua. Ni kesi hiyohiyo ya Kansas iliyoonyesha namna kazi ilivyofanyika: mkaguzi alikuta ndege, akatoa onyo na elimu, akarudi baadaye, na walioshitakiwa ni wale ambao mitambo yao ilikuwa bado wazi.

Tangu Aprili 2025 mkaguzi wa shirikisho hafungui kesi ya namna hiyo upande wowote. Kinachobaki ni sheria za majimbo, na zipo. Kanuni ya 22 ya Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina ndiyo inayosimamia mafuta, inataka wavu au kifuniko kwa tangi la wazi lenye kipenyo cha futi 8 au zaidi likiwa na mafuta juu. New Mexico nayo inadai mashimo na matangi ya wazi yafunikwe. Kwa hiyo raia anayeona tangi wazi kando ya barabara asinyamaze: apige picha akiwa barabarani, asivuke uzio, aandike namba ya kisima iliyo kwenye kibao cha lango pamoja na tarehe, na kupeleka kwa tume ya mafuta ya jimbo.

Kwa mwenye kisima kuna sababu ya kutong'oa wavu. Maandishi ya sheria hayajabadilika, na muda wa kufungua mashitaka ya jinai ya shirikisho ni miaka mitano. Maoni ya wizara yakigeuzwa ndani ya muda huo, ndege wa leo anaweza kuwa ushahidi wa wakati huo.

Jumapili

Ndege hadi Grand Junction, Colorado, kwa kubadilisha Denver.

Jumatatu, Rangely

Barabara ya 139 inapanda Douglas Pass. Theluji bado yaweza kuwepo, uliza kabla ya kuondoka. Rangely ni mji mdogo wa mafuta usio na miti mirefu. Kwa tai, nguzo ya umeme ndiyo mti.

Hapa shirika la umeme la Moon Lake lilishitakiwa kwa tai wa dhahabu na ndege wengine wa kuwinda waliokufa kwenye nguzo zake, na mwaka 1999 mahakama ya Colorado ikakataa hoja kwamba sheria ni ya wawindaji tu. Tai hauawi kwa kugusa waya mmoja. Anauawa akigusa nyaya mbili zenye umeme, au waya mmoja na kitu kilichounganishwa na ardhi. Mabawa yake hufika mita mbili, na anapofungua kuruka ndipo yanapogusa. Manyoya makavu hayapitishi umeme kirahisi. Yakilowa, nguzo ileile iliyokuwa salama jana inaua leo.

Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya umeme yenyewe ni sentimita 150 kwa upana na 100 kwa urefu kati ya sehemu hizo. Nguzo mpya ikijengwa hivyo, gharama ya ziada ni ndogo. Nguzo ya zamani inarekebishwa kwa kofia za plastiki juu ya vikombe vinavyoshikilia nyaya na kuvisha waya mfupi unaoshuka kwenye transfoma. Nguzo ya transfoma ianze, kwa sababu huko vyuma vimebanana. Kikwazo si teknolojia. Ni kwamba fundi aliyepanda na kofia mkononi lazima awe ametumwa na mtu, na mtu huyo lazima awe na sababu ya kumtuma.

Jumanne, Converse County, Wyoming

Ni mwendo wa siku kutoka Rangely hadi Casper; mitambo ya upepo iko mashariki, upande wa Glenrock na Rolling Hills, na inaonekana vizuri kutoka barabara za umma. Mwaka 2013 Duke Energy Renewables ilikiri makosa kwa tai wa dhahabu 14 na ndege wengine 149 waliokutwa kwenye mashamba yake mawili ya hapa, ikalipa dola milioni 1. Ilikuwa kesi ya kwanza ya sheria hii dhidi ya umeme wa upepo. PacifiCorp ikafuata mwaka 2014 kwa dola milioni 2.5. Aprili 2022, usomaji mpana uliporudi, ESI Energy ilikiri kuhusu vifo vya angalau tai 150 kwenye mashamba yake ya majimbo kadhaa, na adhabu ikawa zaidi ya dola milioni 8.

Tunaandika hili tukiunga mkono umeme wa upepo. Mtambo unaweza kuwekwa mbali na ukingo wa mlima, ambako hewa inayopanda humbeba tai. Mizoga ya swala na ng'ombe inaweza kuondolewa isimvute chini ya mapanga ya mtambo. Kwenye shamba la Top of the World zimewekwa kamera zinazomtambua tai akiwa mbali na kuusimamisha mtambo ulio njiani mwake. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha vifo vya tai kupungua kwa takribani asilimia 80. Duke ilianza kutafuta njia za namna hii ikiwa chini ya makubaliano ya kesi.

Tai bado ana ngao ya pili, sheria yake maalumu ya 1940 iliyoongezewa tai wa dhahabu mwaka 1962, na makampuni yanaomba vibali chini yake. Ndege wale wengine 149 hawana ngao hiyo. Ili kuwahesabu lazima mtu atembee chini ya kila mtambo kwa mistari, kila baada ya siku kadhaa, kwa sababu mbweha na kunguru huondoa mizoga midogo haraka. Kwa usomaji wa sasa, hakuna kifungu cha sheria ya 1918 kinachomlazimu mwenye mtambo kumtuma mtu huyo.